UZI: Shule za misheni Kanda ya Ziwa zilijengwa na nani hasa, na mtoto wa mvuvi leo anasoma wapi?

Mjukuu wa Katekista:

Wakuu habari za jioni. Mwezi uliopita tulimzika babu mzaa baba, na baada ya matanga mimi na binamu yangu ndio tukapewa kazi ya kufungua lile sanduku lake la bati ambalo toka tuko wadogo tulikuwa haturuhusiwi hata kulisogelea. Nilijua tutakuta hati za shamba. Tumekuta rozari, sleti moja imemeguka pembe, na daftari lenye majina ya watoto aliokuwa anawafundisha chini ya mwembe kuanzia 1949, kigangoni kwetu upande wa Bukumbi.

Mbele ya kila jina kaandika mzazi kaleta nini. "Ningu 4 wakavu" (samaki wa ziwani). "Mahindi kibaba 1." "Kabeba mawe siku 2." Na majina kama tisa hivi kaandika neno moja tu, "hana". Nikafunua kurasa za mahudhurio nikawatafuta hao tisa, wote wapo, wamewekewa alama mpaka mwisho wa mwaka, hakuna aliyekatwa jina.

Nimekaa na hilo daftari wiki tatu sasa. Kila tukiongelea mchango wa Kanisa Katoliki kwenye elimu ya nchi hii tunataja mapadre wa kizungu, tunamtaja Mwalimu Nyerere, tunamtaja Kardinali Laurean Rugambwa, basi. Ni kweli kabisa wanastahili. Lakini yule aliyekuwa anapiga kengele saa moja asubuhi, anafundisha a e i o u kwa kuchora mchangani, analipwa ningu wakavu, huyo hayupo kwenye hadithi. Naomba leo tumweke.

Kwa ufupi historia, maana vijana wengi hapa Mwanza wanapita Kageye bila kujua pale ni wapi. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, wale waliotumwa na Kardinali Lavigerie, ulitoka Bagamoyo 1878 ukafika Kageye mwishoni mwa mwaka huo huo. Hapo ndipo Padre Lourdel na Bruda Amans walipanda mtumbwi wakavuka ziwa wakafika upande wa Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Kwa hiyo Ukatoliki wa Uganda ulipandia mtumbwi huku kwetu. 1882 mambo yakawa magumu kule Buganda, mapadre wakarudi kusini mwa ziwa, na 1883 ndio ikawa Bukumbi. Walikuja na watoto waliokuwa wanawalea, na hao watoto ilibidi wasome. Shule kwa maana ya kibao na herufi ilianza hivyo, kabla Mjerumani hajawa na ofisi hata moja Mwanza.

Naendelea chini, simu inakaribia kuzima chaji.

Kivuko cha Kamanga:

Mkuu pole sana kwa msiba. Weka picha ya hilo daftari, hata ukurasa mmoja.

Mwana wa Kagunguli:

Pole ndugu yangu. Na sisi visiwani tusisahaulike. Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, alianzia elimu yake kwenye misheni hapa Ukerewe kisha akapelekwa seminari ya Rubya, akarudi akaishi na watu wake huku huku. Akaandika riwaya kubwa kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, ikakaa miaka na miaka hakuna wa kuichapa mpaka yeye mwenyewe akaigeuza Kiswahili ikatoka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Mimi nikisikia mtu anasema shule za misheni zilimfundisha Mwafrika kujidharau namjibu nenda kamsome Kitereza. Mtu kafundishwa Kilatini na wazungu, halafu kalamu yote kaimalizia kwenye desturi za Wakerewe: ndoa, kilimo, dawa, samaki, kuvumiliana kwa mume na mke.

Jiwe la Bismarck:

Nyote mnaongea kama vile wamisionari walikuja kutoa msaada. Walikuja kutafuta waumini. Shule ilikuwa chambo, ndoano ilikuwa ubatizo. Na mkoloni alifurahia maana alipata makarani wa bei rahisi bila kujenga shule yeye mwenyewe. Tuseme ukweli wote.

Mjukuu wa Katekista:

@Jiwe la Bismarck nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Hata wao hawakuficha. Shule za mwanzo zilikuwa za katekisimu, mtoto anajifunza kusoma ili asome sala. Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1920, Mwingereza alipoletewa ripoti ya ile tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika Mashariki 1924, ikasema elimu iendane na maisha ya watu na serikali ishirikiane na misheni. Ikaja ruzuku: shule yenye mtaala wa serikali na walimu wenye cheti inapata hela, isiyo na hivyo haipati. Halafu 1928 Roma ikamtuma Askofu Hinsley, akakutana na maaskofu Dar es Salaam akawaambia washirikiane na serikali kwa nguvu zote, na pale ambapo hawawezi kubeba yote mawili basi bora makanisa yasubiri shule zikamilike. Hebu fikiria askofu anawaambia maaskofu wenzake hivyo! Toka hapo misheni ikaanza kushindana kujenga shule za kweli, vyuo vya ualimu, baadaye sekondari.

Ila tazama huyo babu yangu aliangukia wapi. Yeye hakuwa na cheti, kwa hiyo shule yake ya mwembe haikupata ruzuku hata senti. Iliitwa shule ya vichakani. Lakini watoto wote waliokwenda kwenye ile shule kubwa ya misheni yenye ruzuku walipitia kwanza kwenye mikono ya watu kama yeye. Serikali ililipa ghorofa, msingi ukalipwa na wanakijiji kwa ningu na mahindi.

Kengele yake ilikuwa kipande cha reli kimefungwa kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe. Reli ya Tabora ilifika Mwanza 1928, vipande vilivyobaki watu waliviokota, na karibu kila kigango kilikuwa na chake. Alikipiga kwa bolti. Baba anasema mlio wake ulikuwa unafika mpaka majini na wavuvi walikuwa wanajua saa kwa kengele ya shule. Bado kipo, kina kutu, pale kinapogongwa pamebonyea na panang'aa.

Bint Mwanza Mjini:

Assalaam alaykum na poleni na msiba. Mimi ni Muislamu, nimezaliwa na kukulia hapa mjini, naomba niseme la kwetu kwa heshima. Baba yangu alizaliwa 1948. Alisoma darasa la kwanza mpaka la nne vizuri sana. Shule ya kati ya karibu na kwao ilikuwa ya misheni, siitaji jina. Aliambiwa nafasi ipo lakini aanze mafundisho ya dini na achague jina. Babu akakataa, baba akarudi nyumbani akaenda kuuza dukani kwa Mhindi. Alikuwa na akili ya hesabu ya ajabu, mpaka anafariki alikuwa anajumlisha safu nzima ya namba kwa macho tu. Kila akipita karibu na ile shule alikuwa ananyamaza.

Kwa hiyo mkiandika nani alijenga elimu ya nchi hii muandike pia nani alibaki mlangoni. Uhuru ulipokuja waliokuwa na vyeti vya kushika ofisi wengi walikuwa wa upande mmoja, na hiyo haikuwa kwa sababu Waislamu hawapendi shule.

Mjukuu wa Katekista:

Waalaykum salaam dada yangu. Nimesoma hii mara tatu. Sina cha kupinga hata neno moja, na pole kwa mzee. Nimerudi kwenye daftari la babu kuangalia, kuna majina mawili ya Kiislamu, yote yanaishia mwaka wa pili. Sijui waliondoka kwa nini na babu hayupo nimuulize. Hii nitaiandika pia.

Mwalimu Mstaafu:

Vijana hamjambo. Nimefundisha miaka thelathini na tano, shule tatu za mkoa huu na moja Kagera, niongeze kitu kuhusu kutaifishwa kwa shule maana naona mnakaribia hapo.

Huyu binti amesema kweli tupu na ndiyo sababu mojawapo Mwalimu alichukua hatua. Azimio la Arusha lilikuwa 1967, Elimu ya Kujitegemea mwaka huo huo, halafu sheria ya elimu ya 1969 ikaiwezesha serikali kuchukua shule zote zilizokuwa zinapata ruzuku, kuanzia 1970. Mtoto yeyote wa dini yoyote aingie kwa kufaulu. Na aliyefanya hivyo ni Mkatoliki aliyebatizwa 1943, aliyepitia mafundisho ya dini kwa mapadre wa Nyegina kule Musoma, aliyefundisha St. Mary's Tabora kabla hajaenda Edinburgh, na aliporudi akafundisha St. Francis Pugu mpaka alipojiuzulu 1955 kwa ajili ya TANU. Shule ya Pugu yenyewe ilichukuliwa. Ihungo ya Bukoba ikachukuliwa. Marian ya Morogoro ya wale masista wa Maryknoll ikawa Kilakala. Watu wanasahau pia kwamba Mwalimu mwenyewe kama mwanafunzi alisoma shule za serikali, Mwisenge na Tabora Boys, kwa hiyo si kweli kwamba misheni peke yake ndiyo ilitoa watu.

Mimi niliripoti kazini 1974 kwenye shule iliyokuwa ya misheni, imetoka mikononi mwao miaka minne tu. Nilikuta maktaba. Vitabu vimepangwa, kila kimoja kina kadi na tarehe, mwandiko wa sista umelala vizuri. Bustani ya mboga, banda la nguruwe, mashine ya umeme. Na darasani niliwakuta watoto kina Juma na kina Yohana wamekaa dawati moja, jambo ambalo miaka kumi nyuma pale halikuwepo. Nililifurahia sana na bado nalifurahia.

Lakini lazima niseme la pili pia. Mwaka huo huo likaja Azimio la Musoma, kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe shuleni. Watoto wakafurika. Tukaletewa walimu wa UPE (huo mpango wa elimu ya msingi kwa wote), vijana waliomaliza darasa la saba juzi, wanajifunza ualimu huku wanafundisha. Walijitahidi mno wale vijana, msiwacheke. Ila hela ya matunzo haikuja. Mashine ya umeme ikafa 1979 haikutengenezwa, vitabu vikaanza kuondoka kimoja kimoja, nilipohama ile maktaba ilikuwa stoo ya majembe. Nilichukua kadi moja tu ya kitabu kama kumbukumbu, ninayo mpaka leo kwenye Biblia yangu.

Kivuko cha Kamanga:

Shikamoo mwalimu. Swali, seminari mbona hazikuchukuliwa?

Mwalimu Mstaafu:

Marahaba. Seminari zilihesabiwa ni za kuandaa mapadre kwa hiyo zilibaki kwa Kanisa: Rubya, Nyegezi, Makoko, Katoke na nyingine. Matokeo yake miaka yote ya sabini na themanini mzazi Mkatoliki aliyetaka shule yenye nidhamu ya zamani alimpeleka mwanae seminari, awe na wito asiwe na wito. Ndio maana utakuta viongozi wengi walipita seminari na hawakuwa mapadre. Hayati Magufuli wa Chato alipita Katoke.

Mama Dagaa wa Mwaloni:

Mimi siyajui hayo mambo ya sheria lakini kichwa cha uzi kimenigusa. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba mwaka wa kumi na nne huu. Binti yangu alimaliza la saba mwaka juzi akafanya usaili shule moja ya masista akawa wa sita kati ya watoto zaidi ya mia. Nilipiga kelele sokoni wenzangu wakadhani nimeibiwa. Kufungua fomu ya kujiunga, ada milioni mbili na laki nane, hapo bado godoro, sare za aina tatu, ndoo, hela ya mitihani, pesa ya tahadhari. Nikaenda kuomba nilipe kidogo kidogo kila wiki maana dagaa ndivyo inavyolipa, giza likiwepo unapata mbalamwezi ikitoka hupati. Niliambiwa kwa upole tu kwamba mfumo hauruhusu. Sasa yuko shule ya kata, bure ndiyo, nashukuru serikali, lakini hesabu fomu wani walikaa bila mwalimu mpaka mwezi wa saba. Mimi ni Mkatoliki, niko WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, nafanya usafi kanisani kila Ijumaa. Sina chuki na mtu. Nauliza tu hiyo shule ni ya nani.

Mjukuu wa Katekista:

Mama yangu, hilo swali lako ndilo nililokuwa nalizungukia tokea juu nikashindwa kulisema kwa maneno machache hivyo.

Bruda wa Zamani:

Naomba niingie maana nimekaa ofisi ya uhasibu ya shule ya namna hiyo kwa miaka sita, najua hesabu zake. Mama, waliokunyima si watu wabaya. Zamani shule ya misheni ilisimama kwa miguu mitatu. Kwanza ruzuku ya serikali ililipa mishahara ya walimu. Pili mapadre, mabruda na masista walifundisha wao wenyewe, hawana mke wala mume, wanakula mezani kwa jumuiya, mshahara wao kama upo unarudi shuleni. Tatu wafadhili wa Uholanzi, Ujerumani, Kanada. Mguu wa kwanza uliondoka 1970. Wa pili umepungua, leo kati ya walimu ishirini na tano masista ni wanne, wengine wote ni walei wenye familia wanaostahili mshahara na NSSF. Wa tatu umekauka, Ulaya yenyewe makanisa yanafungwa. Sera ya elimu ya 1995 ilifungua mlango Kanisa na watu binafsi wajenge tena kwa wingi, wakajenga, lakini ruzuku haikurudi. Mguu uliobaki ni mmoja, mzazi.

Ongeza kuni, mahindi yakipanda bei, maji ya MWAUWASA, umeme. Tulikuwa tunakaa mpaka saa sita usiku tunatafuta wapi pa kukata ili watoto wawili watatu yatima waingie bure. Tulikuwa tunapata wawili. Watatu kwa shida.

Jiwe la Bismarck:

Halafu kuna yale makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa. Si yalisema watashirikiana kwenye elimu na afya? Hela zinaenda wapi kama ada ni hiyo?

Bruda wa Zamani:

Yale ni ya TEC (baraza la maaskofu Katoliki) na CCT (jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti) kwa pamoja na serikali, na mwaka huo ndio ikaundwa tume ya huduma za jamii ya makanisa, CSSC. Ushirikiano unaoonekana kwa macho uko kwenye hospitali. Shule niliyofanya kazi mimi haikuwa na mwalimu hata mmoja anayelipwa na serikali.

Mjukuu wa Katekista:

Na hapa ndipo ninapotaka tutulie wakuu, maana mfano tunao juu ya kilima, tunauona kila siku. Bugando. Kanisa lilijenga, ikafunguliwa 1971, 1972 serikali ikaichukua, 1985 ikairudisha kwa Kanisa, na toka hapo wanaiendesha kwa kushirikiana, Kanisa lina uongozi, serikali inalipa sehemu kubwa ya wafanyakazi. Anapokelewa mgonjwa Muislamu, Mlutheri, wa Sengerema, wa Geita, wa visiwani, hakuna anayeulizwa jina la ubatizo. Kama tumeweza kwa wagonjwa, kwa nini tusiweze kwa wanafunzi?

Vuka ziwa nenda Uganda. Shule nyingi za misheni kule serikali inalipa walimu, Kanisa limebaki kama mwanzilishi mwenye sauti kwenye bodi. Namilyango ya mapadre wa Mill Hill, ya 1902, mpaka leo inahesabiwa ni shule ya Wakatoliki na inapata walimu wa serikali. Ada kule nayo si ndogo, najua, msinirukie, lakini kwetu hiyo njia ya kati haijajaribiwa shuleni kwa ukubwa wa kutosha. Tulitoka kwenye ruzuku tukaingia kwenye kutaifisha, tukatoka hapo tukaingia kwenye ada.

Na dada Bint Mwanza Mjini, hela ya serikali ikiingia lazima mlango uwe wazi kwa wote, hilo kwangu halina mjadala. Mtoto kama baba yako asiambiwe achague jina.

Bint Mwanza Mjini:

Ukisema hivyo niko na wewe. Na niseme la haki pia, mdogo wangu wa mwisho amesoma SAUT, chuo kikuu cha Kanisa pale Malimbe, kavaa hijabu yake miaka mitatu, hakubughudhiwa na mtu. Kwa hiyo inawezekana.

Mwana wa Kagunguli:

SAUT nayo ina historia, palianza 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi enzi za Askofu Blomjous, watu walisomea ushirika, maendeleo ya jamii, uandishi wa habari. Ikawa chuo kikuu 1998. Vyama vya ushirika vya pamba vilikuwa na nguvu sana huku Usukumani wakati ule, wakulima walihitaji watu wa kuwatunzia hesabu. Yaani walijenga shule kwa kuangalia mkulima ana shida gani. Sasa hivi mvuvi wa huku ana shida gani, nani anamjengea?

Mwalimu Mstaafu:

Swali zuri. Mimi nina mchango mdogo wa vitendo. Niko Igoma, nina nafasi jioni Jumatatu mpaka Alhamisi. Hesabu fomu wani na fomu too naweza bado. Mama wa Mwaloni kama binti anaweza kupanda daladala kufika huku aje, na aje na wenzake. Silipwi.

Mama Dagaa wa Mwaloni:

Mwalimu nimelia. Ana wenzake wanne hapa hapa Kirumba, mmoja ni mtoto wa jirani yangu mama Zuhura. Nitawalipia nauli mimi.

Mjukuu wa Katekista:

Mwalimu, Mungu akuweke. Nimeongea na baba sasa hivi kwa simu kuhusu kile kipande cha reli. Alikuwa anataka kukipeleka makumbusho ya Bujora, na mimi mwanzoni nilikuwa naunga mkono. Nimemsomea huu uzi. Amenyamaza kidogo halafu akaniuliza Igoma kwa huyo mwalimu kuna mti?

Mwalimu, kuna mti?

Mwalimu Mstaafu:

Upo. Mwarobaini. Una tawi moja imara upande wa barabarani.